Mto Ukigeuza Mawe

Mzee Ponsiano alipofika Juba hakuulizia choo wala maji ya kunywa. Alishuka kwenye boda mbele ya hoteli ya binti yake kule mtaa wa Gudele, akanyoosha mgongo uliokuwa umekufa ganzi kwa safari ya basi, akazungusha macho kama mtu aliyeletwa kwenye nyumba asiyoijua. Kisha akaunyooshea kidole mlima wa Jebel, uliosimama peke yake upande wa kusini.

"Ule una mto?" aliuliza.

"Hauna, Tata," Erina alimjibu, akipokea begi lake. Kwao, miguuni mwa Rwenzori, Wakonjo humwita baba hivyo. "Una mawe tu. Kuna akina mama wanayaponda kokoto wakauza. Ingia ndani ukae."

Mzee aliingia, lakini alikaa kwenye benchi lililotazama mlango, akautazama ule mlima usio na mto mpaka chai yake ikapoa.

Erina alikuwa amemfuata mwenyewe. Mwanzoni mwa mwaka, mdogo wake, Robert, alimpigia simu akamwambia amechoka. Nyumba ya baba yao ilichukuliwa na mto Luhiri mwaka wa Korona, na tangu hapo mzee alikuwa akiishi kwa Robert, chini kwenye tambarare, karibu na barabara ya lami, mahali pakavu ambapo maji hayafiki. Aliishi huko kwa jina tu. Kila mvua ilipokatika alipanda hadi kando ya mto, akasimika kibanda cha miti na turubai juu ya changarawe, kwenye ardhi ambayo watu walikwisha kukatazwa kujenga. Wakuu wa kijiji wakaja wakakibomoa. Akajenga kingine. Wakakibomoa nacho.

"Iko siku nitaamka niambiwe ameenda na maji," Robert alisema. "Na mimi siwezi kumfunga kamba kama mbuzi, dada."

Ndipo Erina akasema atamchukua. Aliona Juba ni mbali, tena mpaka uko katikati, na miguu ya mzee, hata ingekuwa na ukaidi wa namna gani, isingeweza kumrudisha.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo halikuhitaji kusemwa kati yake na Robert. Luhiri ulikwisha kuwachukulia mama. Kabugho, mke wa Ponsiano, aliondoka na maji mchana kweupe, mwezi wa tano, miaka saba kabla ya mto kurudi kuichukua nyumba. Mvua ilikuwa imenyesha juu mlimani, kijijini jua likiwaka, na yeye alikuwa amevuka ng'ambo kuchimba muhogo. Walimtafuta kwenye mawe, kwenye mashamba ya pamba yaliyogeuka tope, mpaka kule chini ambako mto unajimwaga ziwani. Hawakumpata. Kaburi halikuchimbwa kwa kuwa hapakuwa na wa kuzikwa, na matanga yalikwisha bila mtu kujua yamekwisha lini.

Mwaka uliofuata Erina alipanda basi la Juba. Watu walidhani amefuata biashara, na ni kweli biashara aliikuta. Lakini kilichomfanya aipende Gudele ni kwamba pale maji yaliletwa na lori la bluu. Unampigia dereva simu, anakuja, anakujazia mapipa, anakwenda zake. Maji yanayokuja ukiyaita tu. Katika miaka yote aliyokaa huko hakuwahi kulitamka jina la mama yake mbele ya mtu, hata mbele ya Hibaq, Msomali wa Garissa mwenye duka la jumla lililopakana na hoteli, ambaye alijua karibu kila kitu kingine kuhusu maisha yake.

*

Mzee hakuwa mgeni mwepesi. Alilalamika kwamba posho ya Juba, yaani ugali, haina ladha, kwamba joto linaingia mpaka kwenye meno, kwamba maji ya lori yananuka chuma. Alikosoa jinsi Erina alivyopanga kuni. Hata hivyo wateja walimpenda. Wengi walikuwa Waganda wenzao, mafundi magari na wapakuzi wa mizigo wa uwanja wa ndege, na wakati wa chakula cha mchana walimzunguka wakimchokoza awasimulie habari za mto. Kiswahili chake alikitoa kwenye migodi ya shaba, alikofanya kazi ujanani. Kilikuwa Kiswahili cha amri na matusi, lakini akianza kusimulia kilimtii.

Aliyasimulia mafuriko kama watu wengine wanavyosimulia watawala. La kwanza aliliita la Mawe Meupe. Alikuwa kijana wa kuchunga. Walisikia mlima ukinguruma wakadhani ni tetemeko, maana tetemeko lilikuwa limepita si zamani, kisha wakaona mawe makubwa kama ng'ombe yakishuka yakigongana, meupe, mawe ya kule juu karibu na theluji ambayo hakuna aliyewahi kuyaona kijijini. Maji yalifuata nyuma ya mawe. Yalibeba kinu cha Yosia, cha kusagia mahindi, chuma kitupu, ambacho wanaume wanane walishindwa kukinyanyua siku kilipoletwa.

La pili lilikuwa la Jumapili. Watu walikuwa kanisani. Mchungaji akasema watulie, ni mvua tu, na bahati nzuri hawakumsikiliza. Walipanda kilima hadi kwenye mibuni na nguo zao za ibada, wakageuka, wakaona bati la kanisa likizunguka mtoni kama sahani.

"Halafu?" wapakuzi wakauliza.

"Halafu la Korona," mzee akasema. "Lile lililonila nyumba."

Erina, akiwa na mwiko kwenye sufuria ya maharage, alisubiri kila mara afike hapo, na kila mara aliliruka lile la katikati. Wateja hawakujua kuna lililorukwa. Yeye alishusha pumzi, akaendelea kupakua.

Usiku ndio uliomshinda mzee. Alikuwa amelala kando ya mto tangu azaliwe, na masikio yake yalizoea kelele ile kiasi kwamba kimya cha Gudele, chenye mbwa na jenereta zake, kilimkalisha kitandani macho makavu. Erina alimwomba Robert apande mtoni na simu, arekodi sauti ya maji. Robert akafanya hivyo, akamtumia. Jioni hiyo Erina aliiweka simu juu ya stuli karibu na kitanda cha baba yake, akabonyeza.

Mzee alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Hapa si kwetu," alisema baada ya muda.

"Ni Luhiri, Tata. Robert alikwenda mwenyewe."

"Ni Luhiri, lakini amesimama juu ya daraja. Pale maji yanapita juu ya jiwe moja bapa. Husikii yanavyoteleza? Kwetu yanagonga. Mwambie ashuke mpaka chini ya ule mvule ulioanguka."

Robert alirudi tena, akarekodi chini ya mvule. Mzee akasikiliza, akasema sasa ni penyewe, ila ni sauti ya mchana, Robert alikwenda mchana. Lakini aliishika simu ile mkononi mpaka chaji ikaisha, na Erina alipochungulia alimkuta amelala nayo kifuani.

*

Mvua za Juba zilipokolea, mzee akapata pa kwenda. Nyuma ya nyumba za Gudele kulikuwa na khor, mkondo mkavu unaoshuka kutoka upande wa Jebel, ambao siku za kiangazi watu waliutumia kama njia na kama jalala. Ukingoni mwake aliishi mwanamke mmoja wa kabila la Wabari, Konga, aliyewahi kukimbilia Uganda wakati wa vita na kurudi na Kiswahili cha kambini. Mzee alikaa naye siku nzima, yeye akiponda kokoto, mzee akiitazama khor.

Jioni moja alinusa hewa, akamwambia Konga ahamishe vitu, maji yanakuja. Konga alimwamini. Alitoa magodoro, jiko, kuku, akalala kwa jirani. Halikushuka hata tone. Wiki nzima baada ya hapo, kila alipopita mbele ya hoteli, Konga aliinua mkono kuelekea mawinguni akauliza kwa sauti, "Mzee, leo mimi hama?" Watu wakacheka, na mzee akacheka nao, ingawa Erina aliona uso wake umejikunja kwa aibu.

Khor ilipokuja kweli, mzee alikuwa amelala usingizi wa mchana. Mvua ilipiga Jebel kwa muda wa saa mbili hivi, kisha maji mekundu yakashuka na chupa, matawi, turubai na mlango mzima wa bati, yakaula ukingo mpaka karibu na nyumba ya Konga, yakapungua kabla ya magharibi. Hakuna aliyekufa. Gudele ilishukuru, ikalala.

Asubuhi yake Erina alikuwa akichambua mchele Konga alipoingia hotelini na matope mpaka magotini.

"Mama Erina, baba yako iko ndani ya khor," alisema. "Anachimba. Mimi nasema yeye toka, yeye hapana sikia."

Erina aliacha mchele. Alikimbia kwa ndala, moja ikakatika njiani, akaenda na mguu mmoja mtupu. Mbingu juu ya Jebel ilikuwa bado nyeusi. Alimkuta baba yake katikati ya mkondo, suruali imekunjwa, maji ya tope yakimfika kwenye shavu la mguu, akipekua mchanga kwa fimbo. Alichoma, akasikiliza, akasogea hatua, akachoma tena. Watu walikuwa wamesimama ukingoni wakimwangalia kama wanavyomwangalia kichaa, kwa huruma na kwa umbali.

"Tata, toka humo."

"Naangalia."

"Unaangalia nini? Takataka za watu? Mvua iko pale juu, huoni?"

Fimbo ilikuwa imegonga kitu. Aliinama, akachimba kwa mikono, akavuta, ikatoka sufuria yenye mkono mmoja, imejaa mchanga, tako lake jeusi kwa masizi ya zamani. Aliumwaga mchanga, akaisuuza kwenye maji yale yale machafu, akataka kuiweka kando. Konga, aliyekuwa amefika nyuma ya Erina, akanyoosha mkono ghafla.

"Lete hapa," alisema.

Mzee alimpelekea. Konga aliigeuza, akapitisha kidole tumboni mwake mpaka akakuta kiraka kidogo cha bati kilichogongelewa na fundi.

"Hii yangu. Hii ilienda mwaka jana, na mvua ya mwezi wa nane. Mimi nilitafuta mpaka nikachoka."

Ponsiano alimgeukia binti yake. Hakutabasamu wala hakujigamba. "Umeona," alisema tu.

Alikubali kushikwa mkono akapandishwa ukingoni. Watu walitawanyika, Konga akaenda kuonyesha sufuria yake kwa jirani, na wao wawili wakakaa kwenye rundo la kokoto. Erina alikuwa bado anahema kwa hasira. Alikuwa na maneno mengi ya kumwambia, lakini mzee alimtangulia, na alisema kwa Kikonjo, taratibu, akiwa ametazama maji.

"Kinu cha Yosia, unajua kilipatikana lini?"

"Kilipatikana?"

"Mafuriko ya Jumapili yalikitoa. Yale ya kwanza yalikifunika, ya pili yakakifunua. Kilikuwa chini kidogo tu ya pale kilipokuwa kikisaga. Na kengele ya kanisa iliyochukuliwa siku ya Jumapili, Korona ilipokuja ikaiacha juu ya mchanga, imekaa wima, kama mtu ameiweka akaenda kumwita mwenzake aje kuitazama. Mto haupeleki mbali kitu kizito, Biira," alisema, akimwita Erina kwa jina lake la Kikonjo. "Unakifunika. Halafu siku nyingine unakuja unageuza mawe, unakifunua. Siku moja, mbili. Kisha unafunika tena."

Alichora kwa fimbo kwenye mchanga, mistari isiyo na maana. Erina alijua sasa anapoelekea, na mwili wake wote ulitaka kumzuia asifike.

"Na yale mafuriko ya katikati," mzee alisema. "Yale ya mama yako."

Ilikuwa mara ya kwanza kuyataja.

"Kwa hiyo lazima mtu awepo," aliendelea. "Maji yakishuka, siku ile ile, kabla ya mbwa, kabla ya mvua nyingine. Korona ilipokuja mimi nilikuwepo. Niliona mawe yamegeuka. Lakini walitukusanya wote shuleni, wakafunga njia, kwa ajili ya maji na kwa ajili ya ule ugonjwa, hakuna kutoka. Nililia mbele ya askari kijana kuliko Robert. Waliponiachia, mto ulikwisha kulala, mchanga umekaa juu ya kila kitu. Sijui ulifunua nini siku zile. Hilo ndilo linaloniamsha."

"Tata. Ni miaka mingi. Hakutakuwa na kitu."

"Alikuwa na bangili ya shaba. Ile niliyomletea kutoka mgodini. Shaba haiozi."

Erina alikuwa ameisahau bangili ile. Si kwamba aliikumbuka kwa shida. Alikuwa ameisahau kabisa, miaka yote, na sasa ilirudi na sauti yake, jinsi ilivyogonga ukingo wa sufuria mama alipokuwa akikoroga, jinsi ilivyoacha alama ya kijani kwenye kifundo ambayo sabuni haikuiondoa. Aliuziba mdomo kwa kitambaa cha kichwa. Alilia kwa namna ambayo hakulia wakati ule, na baba yake hakumgusa wala hakumnyamazisha.

"Kwa nini hukutuambia?" aliuliza alipoweza. "Robert anadhani akili yako imeruka. Mimi nilidhani unaupenda mto kuliko sisi."

"Ningewaambia, nanyi mngeanza kungoja," mzee alisema. "Sikutaka mngoje. Mlikuwa bado vijana."

*

Mzee aliomba kurudi mtoni, lakini Erina hakumruhusu kuondoka mara moja. Alikuwa mwoga, na uoga wake ulikuwa na haki. Alimwambia atafikiria, na mzee, tofauti na tabia yake, hakubishana. Aliacha kusimulia mafuriko. Wapakuzi walimchokoza, akawaambia koo linamuuma.

Lakini mambo yalikuwa yamekwisha kugeuka ndani ya Erina. Alikuwa akimenya vitunguu mara akajikuta yuko mtoni, anahesabu mawe ya kuvukia. Aliitazama mikono yake ikikoroga uji, akaona jinsi kifundo cha mkono wa kulia kilivyofanana na cha mama, mfupa ule ule umejitokeza upande ule ule. Miaka yote alidhani amemwacha kijijini. Sasa alimsikia jikoni, nyuma yake kidogo, akipuliza moto, na hamu ya kugeuka ilikuwa kali kiasi kwamba siku moja aligeuka kweli, mbele ya wateja, akakuta ukuta wa mabati.

Alimwambia Hibaq alasiri moja biashara ilipolala, wawili hao wameketi nyuma ya magunia ya sukari. Alimweleza yote, kuanzia muhogo wa ng'ambo mpaka sufuria ya Konga. Hibaq alisikiliza bila kumkatiza, akafunika simu iliyokuwa ikiita.

"Mimi mamangu yuko Garissa," alisema mwishoni. "Najua ni wapi. Nikienda nyumbani, hata kabla sijaingia kwa nyumba, napitia hapo kwanza. Natoa magugu, naomba dua, namwambia bei ya sukari imepanda." Alicheka kidogo. "Sijawahi kufikiria vile ingekuwa kama sijui mahali. Walahi sijui ningesimama wapi."

Jioni hiyo Erina alimpigia Robert. Alimweleza yote.

"Kumbe," Robert alisema. "Na mimi nilishirikiana na wakuu wa kijiji kubomoa kile kibanda."

Walikubaliana hivi: mzee atarudi, lakini atalala tambarare kwa Robert, si mtoni. Hakuna kibanda. Mvua ikinyesha juu hakuna atakayekaribia ukingo. Ila maji yakishuka, siku ile ile, Robert ataacha kila alichokuwa akifanya, na watatembea mtoni pamoja, mzee na fimbo yake, yeye na jembe. Erina alimsomea baba yake masharti hayo moja baada ya jingine. Mzee aliyakubali yote isipokuwa jembe. Alisema jembe linavunja vitu. Watumie mikono.

Mwezi wa tisa Erina alimsindikiza kwenye kituo cha mabasi ya Nimule, mji wa mpakani. Konga alikuja pia, na mfuko wa karanga za kukaanga. Mzee alikuwa amevaa shati jipya na hakuweza kutulia. Alishika mlango wa basi, akauachia, akaushika tena, kama mvulana anayekwenda kuposa. Erina alimfunga vifungo vilivyokwisha kufungwa.

"Usinilie," mzee alimwambia.

"Silii."

"Hapa ni pazuri. Nilisema posho haina ladha, lakini ilikuwa na ladha."

*

Luhiri ulikuja mwezi wa kumi na moja. Haukuwa mkubwa, ulivunja kivuko cha miti, ukala migomba iliyokuwa karibu, ukashuka kesho yake. Robert alipiga simu kutoka mtoni. Walitembea siku tano, tangu daraja mpaka yalipoanza mashamba ya pamba. Walipata fuvu la ng'ombe, kipande cha bati la kanisa, jembe ambalo mzee alisema lilikuwa la jirani aliyekufa zamani, na chupa nyingi. Siku ya tatu walipata kitu cha rangi ya kijani chini ya jiwe, mzee akapiga magoti, na Robert alisema hatasahau uso wake. Kilikuwa kipande cha waya wa umeme.

"Nipe nizungumze naye," Erina alisema.

Alitarajia sauti iliyovunjika. Alichosikia ni mtu aliyechoka vizuri, anayetafuna kitu.

"Bado," mzee alimwambia. "Umegeuza upande wa kushoto tu. Kulia haukugusa."

"Chini ya mvule mmeangalia? Pale kwenye mzizi, mchanga hujikusanya sana. Mama alikuwa akifulia pale."

"Tumeangalia juu juu."

"Msiangalie juu juu, Tata. Na pale alipokuwa akivukia, si kivuko cha sasa, kile cha zamani, kulikuwa na mawe matatu, la katikati jekundu. Kama lile jekundu limehama, fuateni lilikoelekea."

Maji yalisikika kwenye simu, mbali kidogo.

"Sikukumbuka hilo jekundu," baba yake alisema.

Waliongea mpaka salio likaisha. Siku zilizofuata alimpigia kila jioni baada ya kufunga, na mazungumzo yao, ambayo zamani yalikuwa ya dawa za mgongo na afya ya watoto wa Robert, yakawa ya mto tu: wapi mkondo ulikata, wapi ulijaza, mama alikuwa amebeba nini siku ile, kikapu au gunia. Wakati mwingine waliuacha mto wakabaki na Kabugho peke yake. Mzee alimsimulia jinsi alivyoikataa ile bangili mara ya kwanza, akasema ni nzito, na asubuhi yake akaonekana kisimani ameivaa. Erina hakuwahi kuisikia habari hiyo. Alimwomba airudie.

Mvua kubwa za kwao huanza mwezi wa tatu na kukolea wa nne na wa tano. Mwishoni mwa mwezi wa pili, Erina alilipa kodi ya chumba mbele, akamwachia Konga hoteli aiendeshe kwa namna yake, akampelekea Hibaq ufunguo wa stoo. Hibaq aliupokea, akamtazama viatu. Alikuwa amevaa gamboti mpya nyeusi, kwa kuwa hazikuingia kwenye begi.

"Unarudi lini?"

"Mvua zikiisha."

"Na mkikosa kumpata?"

Erina aliinua begi, akaliweka begani vizuri. Boda ilikuwa ikimngoja barabarani, na dereva alikwisha kupiga honi.

"Sijui, Hibaq," alisema. "Lakini nataka niwepo."

Hibaq alitoka naye mpaka barabarani, akamshikia begi wakati akipanda, akamwambia dereva aende polepole. Erina alikaa, akavuta koti juu ya magoti, na boda ikashika njia ya kituo cha basi, vumbi jekundu likiinuka nyuma yake.